Garimoshi la Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Hukumu imetoka. Imetolewa mezani, kati ya chai na mkate, bila wakili. Mke wangu anasema mama yake ameanguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu, mkono umeteguka, na sasa basi. Mama wa umri ule haishi tena peke yake. Atahamia kwetu. Atalala chumba cha nyuma.

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, chumba kipi cha nyuma. Akasema kipo kimoja tu.

Chumba hicho kilikuwa cha binti yetu. Tangu aolewe kimekuwa karakana yangu. Mna meza, taa ya kupinda shingo, makopo ya vitofali vya plastiki vilivyopangwa kwa rangi, na juu ya meza, chini ya kitambaa safi, kichwa cha garimoshi. Cheusi. Magurudumu makubwa mekundu, tangi la mvuke, bomba la moshi, kibanda cha dereva chenye dirisha linalofunguka. Vyote vya vitofali. Hakuna hata tone la gundi. Mtu wa gundi si mtu.

Kina upungufu mmoja. Hakitembei.

Mke wangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa anakaa kwenye kiti cha abiria na watu wanaotaka kumuua kwa bahati mbaya, kwa hiyo nyumbani hana haraka wala hapandishi sauti. Nilimweleza kuwa Jumapili ni maonyesho ya chama chetu cha waunda vigarimoshi, kwenye ukumbi wa maktaba. Kwamba kazi imefika ukingoni. Kwamba kunitoa chumbani sasa ni sawa na kumtoa mpishi jikoni chungu kikiwa motoni. Akafikiri. Kisha akatoa masharti, kama anavyowatolea wanafunzi wake. Jumapili, treni yangu ikizunguka reli yote, mzunguko mmoja kamili, bila kuguswa na mkono, nimefaulu. Chumba ni changu, na yeye atatafuta njia nyingine kwa mama yake. Isipozunguka, nimeanguka, na siku ya pili yake nahamisha vitofali vyangu mwenyewe.

Nikakubali papo hapo. Maskini, hajui anashindana na nani.

Jumanne, 4 Machi

Alfajiri, kabla ya kazi, nimefunga mota. Yaani, nimejaribu. Mota nene, tangi la mvuke jembamba. Nikaisogeza nyuma ikaingia kwenye kibanda, lakini ilibidi nimwachishe kazi dereva, kisanamu kizuri chenye kofia. Nimemweka kwenye kopo la vitofali vya kijivu. Hakulalamika.

Nikawasha. Magurudumu yakazunguka kidogo, yakasimama. Nikazima, nikawasha. Yakazunguka kidogo, yakasimama palepale. Kila upande wa kichwa kuna mkono mrefu unaoyaunganisha magurudumu, ndio unaopanda na kushuka kama kwenye garimoshi la kweli. Sasa mikono yote miwili inafika mahali fulani inakwama. Punda akigoma njiani angalau unaweza kumpiga.

Nilipotoka kazini nikapitia duka la dawa kumwona Mfamasia. Ndiye mwenyekiti wa chama. Anazungumza kwa sauti ya chini kwa sababu kutwa anauza dawa za magonjwa ambayo watu hawataki yasikike. Vitofali anavishika kwa glavu nyeupe. Garimoshi lake la kijani halijawahi kukwama, na hajawahi kutuacha tusahau.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kosa langu ni dogo. Nimepanga magurudumu ya kushoto na ya kulia yakilingana, ndiyo maana mikono yote miwili inafika penye kukwama kwa pamoja, hakuna wa kumsukuma mwenzake. Upande mmoja utangulizwe robo mzunguko. Basi.

Nikamshukuru sana. Njiani nikacheka peke yangu. Robo mzunguko! Yaani kushoto mkono uwe juu, kulia uwe katikati, garimoshi langu lionekane limevaa suruali iliyokunjwa mguu mmoja! Nimekumbuka sasa kwamba lake limekaa hivyohivyo, kombo. Nilidhani ni uzembe. Kumbe anatafuta mwenzake wa kuchekwa naye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimefika nyumbani nimechukua rula, nikahakikisha pande zote mbili zinalingana sawasawa. Hata nywele haipiti. Bado linakwama, lakini linakwama vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya maajabu. Nilikuwa dukani. Ninauza magodoro. Nilikuwa nimelala chali kwenye godoro gumu kumwonyesha mteja jinsi mgongo unavyotulia, simu ikalia mfukoni. Mama mkwe.

Katika miaka yote ya ukwe wetu, mimi na Mama tumezungumza kuhusu afya, mvua, na afya tena. Hajawahi kunipigia mimi. Nikajua kuna msiba. Nikapokea nikiwa bado chali.

Akauliza kwanza kama binti yake yuko karibu. Nikasema hapana. Akashusha pumzi. Akasema, mkwe wangu, mimi sitaki kuja huko.

Nikakaa kitako.

Akaeleza. Ana dirisha lake linalotazama njia panda, anajua nani kapita na nani. Ana redio yake anayoifungulia anavyotaka. Ana mashoga zake wa kucheza karata. Kuanguka ameanguka, kwani nani hajaanguka? Akija kwetu binti yake atamchunga kama maziwa jikoni. Akiinuka ataulizwa aenda wapi, akikaa ataulizwa anaumwa wapi. Kumkatalia mtoto anayempenda hivyo hawezi, moyo haumpi. Lakini amesikia habari za sharti. Amesikia kuna treni. Basi mwanangu, akasema, hiyo treni yako na itembee.

Nikamwambia Mama, itatembea. Sijui lini mara ya mwisho mtu alitegemea vitofali vyangu.

Akauliza nahitaji nini. Nikasema utulivu wa jioni, maana mke wangu ana tabia ya kusimama mlangoni na kutazama. Akasema hilo niachie mimi. Kila jioni atampigia binti yake simu ndefu ya malalamiko, miguu leo, macho kesho.

Mteja alikuwa amekwisha ondoka. Bosi wangu alikuwa amesimama miguuni pangu. Alitaka kujua kama nimepumzika vya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni mali. Nimepata dawa, na si ya Mfamasia.

Garimoshi la mvuke lazima liwe na behewa la makaa nyuma ya kichwa. Behewa la makaa ni sanduku. Sandukuni hufichwa vitu. Nimeitoa mota kwenye kibanda, nimeiweka ndani ya behewa la makaa, nimeifunika kwa vitofali vidogo vyeusi, na behewa hilo sasa ndilo linalosukuma kichwa. Anayetazama anaona kichwa kinavuta. Ukweli kinasukumwa, kama mtoto anayepelekwa shule asiyoitaka.

Dereva amerudishwa kazini. Amekaa dirishani na kofia yake, anadhani anaendesha.

Mikono ya magurudumu bado ina tabia yake ya kukwama. Nimelegeza pini kidogo. Sasa baadhi ya magurudumu yanazunguka, mengine yanaburuzwa. Ukisimama mbali, haionekani. Nitahakikisha watu wanasimama mbali.

Kuna kanuni moja ya chama inayoweza kuleta maneno. Mota lazima iwe ndani ya kichwa. "Kichwa Ndicho Kivutacho" imeandikwa kwenye bango letu kwa rangi. Iliwekwa baada ya mwanachama mmoja kuja na treni isiyo na mota kabisa, akawa anaisukuma kwa feni ya mezani akijifanya anapunguza joto. Alifukuzwa. Alikuwa mjinga, feni inaonekana.

Nimejaribu kwenye kipande cha reli nilichonacho. Limekwenda! Limekwenda na kurudi, laini kabisa, na nyuma ya ukuta mke wangu alikuwa kwenye simu na mama yake, habari za magoti. Nilikaa nikalitazama mpaka betri zikapata moto. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu nyingine yoyote.

Reli yangu ni iliyonyooka tu. Za kupinda zote anazitunza Mfamasia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi nimemkuta mke wangu chumbani mwangu na futi ya kupimia. Anapima ukuta wa dirishani, kama kitanda kitaenea. Nikamwambia nilidhani mtihani ni Jumapili. Akasema kupima si kuamua. Kisha akakaa kwenye kiti changu, futi mkononi, akasema amechoka. Simu ya mama yake ikilia tu moyo unamruka, hajui kama ni habari ya magoti au habari nyingine. Na wiki hii inalia kila jioni.

Nilitazama makopo. Akainuka akaenda kupika.

Futi nimeificha nyuma ya kabati. Baada ya chakula amerudi akapima kwa hatua.

Nimempigia Mama kumweleza habari ya ukaguzi. Asubuhi ya maonyesho Mfamasia hufungua kila garimoshi kuthibitisha mota iko wapi. Mama akauliza huyo bwana kazi yake ni nini hasa. Nikamwambia. Kisha akasema atakuja mwenyewe Jumapili, na mkono wake mbovu, na mfuko wake wa vidonge.

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa nikaona kwamba kwa miaka yote hii nimeishi katika tawi dhaifu la ukoo.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la mwisho, dukani, saa ya chakula, kwenye njia ndefu kati ya magodoro. Bosi alikuwa ametoka. Garimoshi likapita kati ya vitanda kama la serikali. Likapita kaunta. Likaingia chini ya kitanda kikubwa cha maonyesho, na rimoti haikulipata tena.

Bosi aliporudi alinikuta nimelala kifudifudi, nusu ya mwili ndani ya uvungu. Akasema juzi chali, leo kifudifudi, kesho nitalala ubavu, au? Nikamweleza nakagua mbao. Akasema angalau mbao zina bahati. Nimelitoa kwa ufagio. Halina hata mchubuko.

Jioni mke wangu aliuliza jambo moja tu. Je, hiyo treni inajua kukata kona? Nikamjibu, kwa subira, kwamba treni haikati kona. Reli ndiyo inayokata, treni inafuata. Akatabasamu. Anawatabasamia hivyo wanafunzi wanaosema breki wanaijua.

Jumapili, 9 Machi

Naandika yote kwa mpangilio, ili haki ionekane.

Ukumbi wa maktaba. Meza zimeunganishwa, juu yake reli imezungushwa kama umbo la yai. Upande wa mbali kuna mlima wa kadibodi, kazi ya Mfamasia, umepakwa kijani, una hadi kondoo. Ndani ya mlima kuna handaki. Reli inapinda ndani ya handaki, mahali ambapo mtu haoni. Hilo hakumwambia mtu.

Mke wangu alitufikisha sote watatu kwa gari lake la kufundishia. Mama akiwa mbele, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mimi nyuma, kichwa cha garimoshi mapajani. Mimi na Mama tulisalimiana kama watu wanaokutana mara moja kwa mwaka.

Ukaguzi. Mfamasia akaja na glavu zake. Akaisifu kazi ya kibanda. Akaitazama mikono ya magurudumu, akanitazama mimi, akaitazama tena mikono. Kisha akanyoosha kidole kuelekea behewa la makaa.

Hapo Mama akafika. Alikuja polepole, uso umejikunja, akamwita Daktari. Hakuna mfamasia anayekataa jina hilo. Akamwomba radhi kwa kumsumbua kazini. Akatoa vidonge. Hivi vyeupe, ni kabla ya chakula au baada? Na hivi vyekundu, je, vinapatana na hivi vyeupe? Mfamasia alikuwa akijibu huku kidole chake bado kiko kwenye makaa yangu. Ndipo Mama akauliza kama ni kweli kwamba mtu akisahau kumeza leo, kesho anameza mara mbili, maana yeye ndivyo afanyavyo, na akizidi kusahau huvimeza vyote Jumamosi.

Mfamasia aligeuka mwili mzima. Akavua glavu. Akamtafutia Mama kiti.

Behewa halikufunguliwa. Katika wakati ule nilimpenda mama mkwe wangu kuliko ndugu zangu wote, akiwemo yule aliyeninunulia baiskeli.

Likatangulia garimoshi la kijani. Likazunguka. Watu wakapiga makofi ya adabu. Zamu yangu ikafika. Nikaunganisha mabehewa ya abiria ya chama nyuma ya behewa langu la makaa, nikawaomba watazamaji warudi nyuma kidogo kwa usalama wao. Mke wangu alisimama penye kituo, mikono kifuani, kama anavyosimama mwisho wa barabara ya mtihani.

Nikabonyeza rimoti. Likaondoka.

Lilikuwa zuri. Sitaki kujisifu, lakini watu walisema "Aaa!" kwa pamoja. Jeusi, linang'aa, magurudumu mekundu, dereva dirishani. Lilipopita mbele ya kituo nilimtazama mke wangu nikakuta anatabasamu, na si lile tabasamu la breki. Alikuwa anataka nifaulu. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja, na lilinipunguzia raha kidogo. Kisha likaingia handakini.

Ndani ya mlima pakasikika mlio kama wa kabati la vijiko linaloanguka. Kondoo mmoja akadondoka.

Halafu, upande wa pili wa handaki, likatokea behewa la makaa. La kwanza mstarini. Nyuma yake mabehewa ya abiria, yamepangana, yametulia, hayana habari. Kichwa hakikutoka.

Treni isiyo na kichwa ikapita mbele ya wanachama. Ikapita mbele ya bango la "Kichwa Ndicho Kivutacho". Ikapita mbele ya Mfamasia, aliyekuwa ameshika kidonge chekundu na mdomo wazi. Ilikuwa inakwenda kasi kuliko mwanzo, maana mzigo umepungua. Ikafika kituoni. Nikabonyeza kitufe. Ikasimama juu ya mstari wa kuanzia hasa. Sijawahi kusimamisha kitu vizuri vile.

Ndipo Mama alipoanza kucheka. Kwanza kwa pua. Kisha mabega. Kisha akamshika Mfamasia bega kwa mkono wake mzima asianguke, akacheka mpaka sauti ikapotea ikabaki hewa tu, na ukumbi wote ukamfuata. Mfamasia peke yake hakucheka. Aliingiza mkono mlimani akakitoa kichwa changu, magurudumu juu, akakibeba kwa viganja viwili kama mgonjwa. Mikono ya magurudumu ilikuwa imekwama palepale pa siku zote. Akatangaza kwamba nimeondolewa kwenye maonyesho.

Hiyo ilikuwa mahakama ndogo. Mimi nikaigeukia mahakama kuu. Nikamwambia mke wangu: sharti lilisema treni. Lilisema mzunguko kamili. Lilisema bila kuguswa na mkono. Je, treni haikuzunguka? Je, kuna mkono ulioigusa? Palitajwa kichwa mahali popote?

Mke wangu ni mtu wa haki, na huo ndio udhaifu wake. Akasema mwanafunzi akimrudishia gari bila boneti angemwangusha bila kufikiri. Lakini sharti la boneti linapaswa kutajwa kabla ya safari, na yeye la kichwa hakulitaja. Akaitazama treni. Akaushusha mkono mmoja.

Akasema nimefaulu.

Nimefaulu! Chumba ni changu! Meza, taa, makopo, vyote! Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni Mfamasia. Ananuka sabuni.

Niishie hapa? Ningependa kuishia hapa. Lakini tulirudi na gari.

Mke wangu usukani, Mama kando yake, mimi nyuma na vipande. Mama alikuwa bado anafuta macho. Akasema tangu amzike marehemu mumewe hajacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kule kwake wenzake wa karata wamesimulia hadithi zilezile mpaka yeye ndiye anawamalizia. Akauliza kama mambo ya namna hii hutokea nyumbani kwetu mara kwa mara. Mke wangu akasema karibu kila wiki. Mama akamaliza kufuta macho. Kisha akasema, basi mimi nakuja.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Mke wangu akanitazama kwenye kioo. Akasema, kwa ile sauti yake ya mtihani, kwamba chumba ni changu, nimekipata kwa haki, hivyo neno la mwisho ni langu. Na Mama naye akageuka, na kitambaa chake shingoni, mshirika wangu, mwenzangu wa njama, akasema kwa unyenyekevu: ndiyo, kama mkwe wangu ataniruhusu.

Mtu anamjibu nini mama mkwe ndani ya gari linalokwenda, na macho ya binti yake yako kwenye kioo? Nilisema karibu, Mama. Nilisema nyumba ni yako. Nadhani nilisema pia ni heshima kubwa. Nimeshinda chumba na kukigawa kabla hatujafika kwenye taa za barabarani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamisha vitofali vyangu mwenyewe, kama mtu aliyeanguka mtihani. Karakana sasa iko mwisho wa ukumbi mdogo, kati ya ubao wa pasi na mlango wa choo. Taa haifiki. Kila anayekwenda chooni anauliza ninaunda nini, na kila anayetoka ana ushauri.

Mke wangu alikuwa akitandika kitanda cha mama yake huku anaimba. Sijamsikia akiimba tangu harusi ya binti yetu. Alipopita ukumbini alinishika bega akasema ahsante. Nikamuuliza ya nini, akasema, wewe mwenyewe unajua. Nilijisikia vizuri. Kisha nikakasirika kwa kujisikia vizuri, kwa sababu hii ni dhuluma na dhuluma haipaswi kupendeza.

Mfamasia ameacha ujumbe. Hakuna salamu ya pole. Anakumbusha robo mzunguko. Mtu ameshinda maonyesho, ameshinda kila kitu, na bado anataka na mimi niende kombo. Wivu hauna likizo.

Jumatano, 12 Machi

Nimelifikiria jambo hili tangu jana nikiuza magodoro, na leo limenifunguka lote. Mama alikuwa hataki kuja. Akabadili nia kwa sababu nilimchekesha. Basi ni hesabu ya moja kwa moja. Nikiacha kuchekesha, atachoka. Akichoka, atalikumbuka dirisha lake. Akilikumbuka dirisha lake, chumba kitarudi kwa mwenyewe. Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kunilaumu. Ataondoka kwa hiari yake, na nitambebea mzigo kwa machozi.

Baada ya chakula cha mchana, nikiwa na ruhusa ya nusu siku, nilimwendea chumbani. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa changu. Nikaanza kumweleza gia.

Nilimweleza zote. Gia ndogo ikizungusha kubwa. Kubwa ikizungusha ndogo. Ya katikati isiyobadili kitu ila mwelekeo. Meno ya kila moja. Sauti nilishikilia moja tu, kama katibu anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Sikutabasamu. Mara moja aliuliza swali, nikamjibu kuanzia mwanzo.

Ilifanya kazi! Kwanza macho yakalegea. Kisha kidevu kikashuka. Nilipofika kwenye gia za pembeni alikuwa amekwisha zama, mkono mbovu juu ya mto. Sikuacha. Niliendelea kumweleza hivyohivyo amelala, maana mtu akichoshwa achoshwe mpaka mizizi. Nikatoka kwa ncha za vidole, nimeshinda.

Jioni mke wangu amekuja huku ukumbini, akakaa juu ya kopo la vitofali vyekundu. Macho yamemlowa. Anasema tangu aanguke mama yake hajapata usingizi, si usiku si mchana, maumivu ya mkono hayamwachi. Alikuwa anamficha. Leo ndiyo mara ya kwanza amelala, na ameamka akiomba chakula. Mama anasema sauti yangu inampumzisha kuliko vidonge vyote vya Daktari. Ameuliza kama ninaweza kumfanyia hivyo kila siku. Tena amekwisha mpigia simu mpwa wake ahamie kwenye ile nyumba yake ya njia panda, kwa sababu yeye harudi tena.

Nimekaa nikalitafuta kosa, na nimeliona. Nilianza na gia, na gia ni rahisi mno, zinabembeleza. Kesho naanza na mota.